Sajili ya karatasi irudi vituoni 2027, au tuutegemee mtambo peke yake?

Mpigakura wa Kwale

Ndugu zangu, naomba maoni ya waliowahi kuhudumu vituoni na ya wanaoifahamu sheria. Uchaguzi mkuu wa Kenya utafanyika tarehe 10 Agosti 2027, na kuna jambo moja ambalo halijanitulia moyoni tangu ule wa 2022. Je, sajili iliyochapishwa iwepo katika kila kituo na itumike mara tu mtambo wa KIEMS, unaomtambua mpiga kura kwa alama za vidole, unaposhindwa, au iendelee kungoja idhini ya Tume ya Uchaguzi kutoka Nairobi huku watu wamesimama juani?

Wanaotaka mtambo pekee hutukumbusha ya 2007, kabla ya mtambo kuwapo. Tume ya Jaji Kriegler, iliyouchunguza uchaguzi huo, ilieleza kwamba uchaguzi ule ulikuwa umevurugika kiasi kwamba haikuwezekana kujua nani hasa alishinda urais, na kabla ya hapo zaidi ya watu 1,100 walikuwa wameuawa na mamia ya maelfu kuhama makwao. Wanaotaka karatasi nao hutazama Kibwezi Magharibi na sehemu za Kakamega mwaka 2022, ambako mitambo iligoma na wapiga kura wakasubiri mpaka Tume ya Uchaguzi iliporuhusu sajili ya kuchapishwa itumike. Siku chache kabla ya hapo Mahakama Kuu ilikuwa imeagiza sajili hiyo itumike pamoja na mtambo, kisha Mahakama ya Rufaa ikaisimamisha amri hiyo usiku wa kuamkia uchaguzi.

Suala hili linanigusa nyumbani pia. Bibi yangu amesuka makuti tangu usichana wake, na ncha za vidole vyake zimekuwa laini kabisa. Karani alimpangusa vidole kwa kitambaa, akajaribu kimoja baada ya kingine, na hakuna hata kimoja kilichosomeka. Mwishowe alipiga kura kwa nambari ya kitambulisho. Ninachohofia ni mzee mwenziwe ambaye angeona haya, akageuka na kurudi nyumbani.

Msimamizi wa kituo wa zamani

Mwenzangu, tutenganishe mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Kidole kutosomeka si sawa na mtambo kuzimika. Kidole kisiposomeka, karani huingiza nambari ya kitambulisho, picha na jina la mpiga kura vinatokea kwenye kioo, mawakala wa vyama na wagombea wanalinganisha sura, Fomu 32A ya utambuzi inajazwa, na mtu anapewa karatasi zake za kura. Bibi alitendewa inavyotakiwa, na yeyote anayerudishwa nyumbani kwa sababu ya vidole tu amenyimwa haki yake. Tatizo zito ni mtambo unapokufa kabisa na wa akiba haujafika, kwa sababu hapo foleni nzima inasimama.

Kwa maoni yangu sajili ya karatasi iwepo, na msimamizi aruhusiwe kuifungua baada ya muda uliotajwa waziwazi katika kanuni, tuseme nusu saa, huku mawakala wote waliopo wakitia sahihi kwamba wameona mtambo umeshindwa. Kazi yenyewe si ngumu: unaweka rula chini ya jina, unalikata kwa kalamu, na kila wakala analikata katika nakala yake. Jina lililokatwa haliwezi kutumika tena bila watu watano au sita kuona. Ongeza wino wa kidoleni, na ukumbuke kwamba sheria hairuhusu kituo kuwa na zaidi ya wapiga kura 700. Idadi ya namna hiyo inafuatilika kwa macho.

Mimi nimeishia kuamini kwamba usalama wa kura unategemea zaidi kinachotokea baada ya saa kumi na moja jioni. Kura zinahesabiwa palepale, karatasi moja moja ikiinuliwa juu mbele ya mawakala, kisha Fomu 34A, ya matokeo ya urais ya kituo, inajazwa, inatiwa sahihi na nakala yake inabandikwa kwenye mlango au ukuta wa darasa. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa, katika kesi iliyofunguliwa na Maina Kiai na wenzake, iliamua kwamba matokeo yanayotangazwa kituoni ni ya mwisho na hakuna afisa wa Nairobi mwenye mamlaka ya kuyabadilisha. Uamuzi huo ulimpa nguvu kila mwenye simu ya kupiga picha. Mwaka 2022 Tume ikaweka picha za fomu hizo kwenye tovuti yake, kutoka vituo 46,229, na kabla ya siku mbili kwisha karibu zote zilikuwa hadharani. Mtu wa Kwale aliweza kulinganisha fomu aliyoiona ukutani na ile iliyoko kwenye tovuti. Sijui njia nyingine inayojenga imani kuliko hiyo, kwa kuwa haimwombi mwananchi aamini asichokiona.

Wakili wa Eldoret

Nakubaliana na msimamizi kuhusu Fomu 34A, lakini nusu saa yake inanitia wasiwasi. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Uchaguzi kinaitaka Tume iwe na utaratibu wa ziada teknolojia inaposhindwa, na kilipitishwa Bungeni baada ya mvutano mkali uliohusu hofu hii hii. Katika ngome za vyama, mara nyingi mawakala wote waliopo ni wa upande mmoja, hata kama vitambulisho vyao vya uwakala vinasema vingine. Hapo sahihi tano ni sahihi moja. Mtambo ukizimika kwa makusudi saa nane mchana, nani atazuia majina ya wasiofika yakatwe yote, kana kwamba wamepiga kura?

Ndiyo maana ningetaka kila badiliko la kutoka mtambo kwenda karatasi litangazwe papo hapo, kwa jina la kituo, saa na sababu, na fomu ya matokeo ionyeshe wangapi walitambuliwa kwa kidole, wangapi kwa nambari na wangapi kwa sajili ya karatasi. Kituo ambacho wapiga kura wake wengi walitambuliwa kwa karatasi kitajulikana usiku uleule na kitachunguzwa. Mwaka 2013 mitambo ya utambuzi ilikufa katika vituo vingi, betri zikaisha katika madarasa yasiyo na umeme, na malumbano kuhusu nani alitambuliwa vipi yakafika mpaka Mahakama ya Juu.

Lakini ukitazama uamuzi wa tarehe 1 Septemba 2017, uliofuta uchaguzi wa urais kwa majaji wanne dhidi ya wawili, utaona kwamba kilichoangusha uchaguzi ule hakikuwa utambuzi wa wapiga kura. Matokeo yalitangazwa kabla ya Tume kupokea Fomu 34A zote, baadhi ya fomu zilikosa alama za usalama, na Tume haikutii kikamilifu amri ya mahakama ya kufungua seva zake. Zaidi ya vituo 11,000 vilitajwa kuwa nje ya mtandao wa kutosha, na taarifa hiyo ikatolewa uchaguzi ukiwa umekaribia sana. Ukichelewa kusema ukweli kama huo, hata uliyoyafanya vizuri watakuuliza uliyafanyaje.

Msomaji wa Unguja

Nawafuatilia kutoka Zanzibar, na nataka kuongeza upande ambao huenda wenzetu wa Kenya mmeuzoea mpaka hamuuoni. Kwenu mlalamikaji ana siku saba za kufungua kesi ya urais na mahakama ina siku kumi na nne za kuamua. Katika Muungano wetu, ibara ya 41(7) ya Katiba imezuia mahakama kuhoji uchaguzi wa Rais akishatangazwa na Tume. Mwaka 2015 mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar alitangaza kuufuta uchaguzi baada ya watu kupiga kura, ukarudiwa Machi 2016, na chama cha upinzani cha CUF kikaususia. Hata kama daftari ni safi na kila kidole kimesomeka, mtu aliyeona kura yake ikifutwa kwa tamko la mtu mmoja hatashawishiwa na mtambo wowote. Huku kwetu pia, ili uandikishwe lazima uwe na kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, na malalamiko ya miaka mingi ni kuhusu watu wanaodai kukwama kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa, kabla hata ya kulifikia dawati la uandikishaji.

Mwalimu wa Garissa

Ndugu wa Unguja amegusa penyewe. Mjadala huu unamhusu aliyefika kituoni, ilhali huku kaskazini wengi wameachwa nje mapema zaidi. Bila kitambulisho cha taifa au pasipoti huandikishwi, na kwa miongo mingi vijana wa Kisomali, Wanubi na jamii za mipakani walipitishwa kwenye uhakiki wa ziada ambao kijana wa kaunti nyingine haujui. Rais Ruto aliufuta uhakiki huo Februari 2025, akiwa Wajir. Uamuzi ni mwema, lakini aliyenyimwa kitambulisho mwaka 2021 hakupiga kura 2022, na hakuna fomu iliyomhesabu. Kura iliyoharibika huandikwa. Mtu aliyekosa kuandikishwa haandikwi popote.

Katiba yenyewe, ibara ya 83, inataka taratibu za uandikishaji ziwezeshe raia kupiga kura wala zisimnyime haki hiyo. Ningependa maafisa wa vitambulisho na wa uandikishaji wasafiri pamoja, wafuate mifugo na visima, badala ya kumtaka mfugaji aende mjini mara mbili. Mwaka 2022 vijana wa chini ya miaka 35 walikuwa karibu asilimia 40 ya waliojiandikisha, pungufu ya ilivyokuwa 2017, katika nchi ambayo vijana ndio wengi.

Mpigakura wa Kwale

Nawashukuru nyote. Msimamizi, nina swali moja zaidi. Sajili ikichapishwa na kila wakala akapewa nakala, si nambari za vitambulisho vya majirani zetu zitazagaa mitaani, wakati tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019?

Msimamizi wa kituo wa zamani

Hofu hiyo ina msingi. Nakala ya wakala iwe na jina, picha ndogo na tarakimu za mwisho za kitambulisho, basi. Nambari kamili ibaki kwenye nakala ya msimamizi, na nakala zote zirudishwe na kufungiwa pamoja na vifaa vya kituo usiku huohuo, kila moja ikiwa na nambari yake ili inayokosekana ijulikane ni ya nani.