Mfungwa akipigwa, anamlalamikia aliyempiga! Tunataka msimamizi huru wa magereza

Wakuu, nina hasira na sitaficha.

Ndugu yangu ni mahabusu, kila tarehe tunaambiwa upelelezi haujakamilika. Juzi tumeenda kumsalimia, mkono umevimba hadi vidole havikunji. Tunaongea naye kupitia wavu, askari kasimama hapohapo anasikiliza kila neno. Kumuuliza kulikoni, akamtupia askari jicho kwanza, ndipo akajibu: "Nilianguka bafuni." Mama alilia palepale. Tukaomba kumwona mkubwa, tukaambiwa tuandike barua, na barua yenyewe inapokelewa na ofisi hiyohiyo! Kesi ya nyani unampelekea ngedere.

Na msiniambie hapa Tanzania kuna Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Naijua. Sheria yake ya 2001 inairuhusu kukagua magereza, ila ikimaliza inatoa mapendekezo. Wakiyaweka kabatini je? Halafu Tume hiyohiyo inasubiriwa na wenye migogoro ya ardhi, waliofukuzwa kazi, walioonewa na polisi, nchi nzima. Inaniuma kwa sababu tulikuwa wa kwanza Afrika kuwa na chombo cha kupokea malalamiko ya raia dhidi ya serikali, ile Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ya 1966.

Wenzetu Afrika Kusini, sheria yao ya 1998 iliweka jaji wa kukagua magereza. Mtu akifia ndani, mkuu wa gereza lazima amjulishe jaji mara moja. Na bado mwaka 2020 Mahakama ya Katiba ikasema uhuru huo hautoshi, maana ofisi ya jaji ilitegemea fedha za idara ileile anayoikagua. Hapo ndipo pa kukaza. Tukiletewa msimamizi anayeomba mafuta ya gari Wizara ya Mambo ya Ndani, tumepigwa changa la macho.

Apewe fungu lake na Bunge. Aingie gereza lolote bila kubisha hodi, hata saa nane usiku, aongee na mfungwa askari akiwa mbali, aje na daktari asiye wa Magereza. Na akikuta mtu kapigwa, awe na uwezo wa kumfikisha aliyepiga mahakamani. Askari wanaofanya kazi yao kwa haki, na wapo, hawana cha kuogopa hapo.

Wabunge mnaosoma humu, nani kati yenu atapeleka muswada binafsi? Jibuni hapa kwa majina yenu.