Nimekesha gizani kusubiri aurora (ile mianga ya rangi angani usiku), nimeambulia wingu. Nakosea wapi?

KibuyuKitupu: Wakuu, salaam. Niko Minneapolis, Marekani. Mei 2024 wenzangu waliona anga jekundu na kijani, mimi nilikuwa zamu ya usiku kiwandani. Juzi programu ya simu ikalia: Kp 6, yaani kipimo cha msukosuko wa sumaku ya dunia kimepanda! Nikaendesha gari kwa muda wa saa moja na nusu, nikasimama shambani na chupa ya chai mpaka saa nane usiku. Nilichoona ni kitu cheupe kama wingu, chini kabisa upande wa kaskazini. Mama watoto haamini kuwa nilikuwa peke yangu. Mnaojua mnisaidie.

Ngalawa77: Mkuu, mimi niko upande wa shemeji.

MswahiliTromsø: Hilo wingu huenda ndilo lenyewe. Mwanga ukiwa hafifu macho hayashiki rangi. Piga picha ya usiku, sekunde 3 hadi 10. Ikitoka kijani, si wingu.

Halafu acha kuiabudu Kp. Ni kipimo cha dunia nzima kwa kipindi cha saa 3, hakikuambii dakika hii kuna nini. Wewe tazama Bz, mwelekeo wa sumaku inayobebwa na upepo wa jua, yaani chembe zinazotoka kwenye jua. Ikiwa hasi, yaani inaelekea kusini, inaungana na ugasumaku wa dunia na nishati inaingia. Ikiwa chanya, upepo uvume utakavyo, kinachopenya ni kidogo. Chombo kinachoipima kiko kilomita milioni 1.5 kutoka duniani kuelekea jua, kwa hiyo unapata onyo la dakika 15 hadi saa moja. Ikishuka hadi nanotesla -10 ikakaa hapo, washa gari.

Na ukifika, tulia. Nishati hujikusanya kwenye mkia wa sumaku ya dunia, upande wa usiku, kisha huachiwa ghafla. Anga linaweza kununa saa mbili, likacheza dakika kumi. Pengine uliondoka mapema.

KibuyuKitupu: Mbona Mei ile watu waliona bila hesabu zote hizi?

MswahiliTromsø: Ile ilikuwa G5, daraja la juu kabisa la dhoruba za sumaku, ya kwanza tangu Oktoba 2003! Sisi huku Tromsø, kaskazini mwa Norway, duara la aurora liko juu ya vichwa vyetu, nyie mnangoja dhoruba ilitanue. Jaribu Machi au Septemba, dhoruba huwa nyingi zaidi.

KibuyuKitupu: Wakuu, nimepekua simu, kuna picha ya saa saba usiku. Ukijani upo! Nimemwonyesha mama watoto. Anasema nimeihariri.