Vijana mlioajiriwa makampuni makubwa, tupeane uzoefu: maisha ya ofisini yakoje huko kwenu?

Wakuu habari za saa hizi. Niko kampuni moja kubwa hapa Dar, na kuna kitu vijana tukikutana nje tunakiongea sana ila ofisini hakuna anayethubutu. Kazi yenyewe naipenda, mshahara unaingia kwa wakati, bima ipo. Kinachonichosha ni hii ya kuonekana upo. Saa kumi na moja umeshamaliza kila kitu ila hutoki kwa sababu bosi bado yuko ndani, basi watu wanaperuzi simu mpaka kumi na mbili na nusu ndo mmoja ajitoe muhanga. Kuna jamaa wa idara yetu anaacha koti kwenye kiti anashuka kula chipsi, bosi akipita ajue yupo, na kwenye tathmini ya mwaka huyo ndo anaandikwa anajituma. Mi nakaa Mbagala, nikitoka Posta saa moja usiku nafika home hata kuongea na watu siwezi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa 45 kwa wiki, za ziada ulipwe mara moja na nusu, sasa kwa kuwa hakuna aliyekuambia kwa mdomo ubaki, hizo saa hazihesabiki popote. Kwenu vipi?

Dada wa kaunta: Sisi kutoka tunatoka, ila kazi inakufuata kitandani. Saa nne usiku bosi anatupia kitu kwenye grupu la WhatsApp, asubuhi anauliza fulani uliona mbona kimya. Na kuzima tiki za bluu hakusaidii, kwenye grupu aliyesoma anaonekana tu.

Wa kupitia wakala: Nyie afadhali. Mi meza moja na walioajiriwa moja kwa moja, kazi ile ile, ila kamba ya kitambulisho changu ni ya kijivu na yao ya bluu, mlinzi wa getini anajua nani wa kupekuliwa begi. Mkataba mwaka mmoja mmoja. Nilivyoangalia michango yangu NSSF nikakuta kuna miezi haijapelekwa, kuuliza wakala anasema kampuni haijalipa, kampuni inasema mwajiri wako ni wakala. Uipende vipi kampuni ya hivyo?

Bro mkubwa: Wadogo zangu, mi nasimamia vijana. Zamani sisi kubaki jioni kulikuwa na maana, wakubwa ndo muda huo walikuwa wanakufundisha kazi, wanakuonyesha faili zilizoharibika na ziliharibikaje. Siku hizi jioni kila mtu na skrini yake, hakuna anayemfundisha mtu, kwa hiyo nawaelewa. Kijana wangu mmoja aliuliza kikaoni kwa nini ripoti ya mwezi inaandaliwa mara mbili, chumba kizima kikanyamaza wananitazama mimi kama nimetukanwa. Swali lilikuwa la haki kabisa, ile ya pili tukaifuta.

Mdau: Ukibakishwa andika, hata barua pepe ya mstari mmoja jioni ile ile kwamba nimebaki kumalizia kazi fulani uliyonipa. Na ukiachishwa kazi unaona umeonewa usikae ukisubiri HR wakupigie, kufungua shauri CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ya migogoro ya kazi) ni ndani ya siku 30, wengi wanashtuka zimeshapita.