Je, inaruhusiwa kumfundisha mbwa wa kuwinda wakati msimu umefungwa?

Mwindaji Mpya:

Ndugu zangu, salaam. Ninaye mbwa jike wa aina ya pointa, yaani mbwa wa kuwinda anayesimama tuli kuonyesha alipo ndege, mwenye umri wa miezi kumi, ambaye huja akiitwa na hukaa akiamriwa. Ningependa azoee harufu ya ndege wa porini kabla msimu haujafunguliwa, na nilichofikiria ni kumpeleka porini alfajiri bila bunduki, nimwache awatafute kwale, asimame akiwapata, kisha nimwite arudi. Kwa kuwa sitabeba silaha wala sikusudii kuua, je, jambo hili linahesabiwa kuwa uwindaji? Pia naomba kujua namna ya kumzoesha mlio wa bunduki, maana nimeambiwa kwamba mbwa akishtuka mara ya kwanza ni vigumu kumrudisha katika hali yake, nami ningesikitika sana kumharibu mnyama mwenye kipaji kama huyu.

Nyayo:

Ndugu, umefanya vyema kuuliza kabla ya kwenda. Kutokuwa na bunduki hakukutoi hatiani, kwa sababu sheria nyingi za wanyamapori hazitazami kifo cha mnyama peke yake, bali hutazama pia kufukuzwa na kusumbuliwa kwake. Sheria ya Marekani ya mwaka 1973 inayolinda viumbe walio hatarini kutoweka, kwa mfano, imeweka kusumbua na kufukuza katika fungu moja na kupiga risasi na kutega. Kwa hiyo mbwa anayewainua ndege porini wakati msimu umefungwa anaweza kukuponza hata kama mikono yako ni mitupu.

Sababu yenyewe ni ya haki. Kwale na ndege wengi wa jamii yake hutaga chini, na mbwa mwenye pua nzuri humwondoa mama kiotani bila hata kumgusa, mayai yakapoa au yakaliwa na kunguru. Ndiyo maana katika maeneo ya wazi ambayo umma wa England umeruhusiwa kutembea, mbwa hutakiwa kufungwa kamba fupi isiyozidi mita 2 kuanzia Machi 1 hadi Julai 31, na katika jimbo la Niedersachsen nchini Ujerumani hufungwa kamba kuanzia Aprili 1 hadi Julai 15. Tarehe hutofautiana kwa sababu majira ya kutaga hutofautiana, hivyo usichukue ratiba ya nchi nyingine ukaifanya yako. Nenda kwenye ofisi ya wanyamapori inayohusika na eneo lako, ueleze kwamba nia yako ni mafunzo wala si uwindaji, kisha uombe jibu la maandishi. Katika baadhi ya majimbo ya Marekani hutolewa vibali maalumu vya kufundishia mbwa kwa kutumia ndege waliofugwa, na inafaa kuuliza kama kwenu upo utaratibu wa namna hiyo.

Upepo wa Asubuhi:

Naunga mkono hayo, nami nitajibu upande wa mafunzo. Anza na njiwa wa kufugwa, wale wanaorudi wenyewe bandani. Mfiche njiwa ndani ya kizimba kidogo kwenye nyasi, umlete mbwa akiwa na kamba ya mita 10 hivi, kutoka upande ambao upepo unatoka kwa ndege kuelekea kwake. Akisimama, mshike kwa upole, msifu kwa sauti ya chini, kisha mwachie njiwa aruke. Akikimbilia kumkamata, njiwa aruke mara moja, ili mbwa ajue kwamba haraka yake ndiyo iliyompotezea ndege.

Mlio usiuanzishe mpaka apende ndege kwa moyo wote. Hapo mwenzako asimame mbali sana na kupiga mlio hafifu wakati mbwa ameshughulika kumfuata njiwa anayeruka, na umbali upunguzwe kidogo kidogo kwa siku nyingi. Akionyesha wasiwasi hata kidogo, rudini mbali. Kumpeleka kwenye uwanja wa shabaha ili „azoee“ ni ukatili, tena ndiyo njia ya hakika ya kumtia woga.

Kuhusu kola ya umeme, yaani mkanda wa shingoni unaomshtua mbwa kwa umeme, Wales iliipiga marufuku mwaka 2010, na Ujerumani hairuhusu itumike. Hata pale inaporuhusiwa nisingeishauri kwa mbwa anayeanza, kwa sababu akiumizwa huku ananusa ndege huyahusisha maumivu na ndege huyo, na baadaye huwakwepa ndege kabisa.

Mlinzi wa Mbuga:

Ninatofautiana kidogo na ndugu aliyetangulia. Njiwa wa kizimbani hufundisha utulivu, lakini hafundishi porini. Ndege wa porini hukimbia kwa miguu, hujibanza, huruka mbali, na mbwa aliyelelewa kwa njiwa pekee hujifunza kusogea karibu mno. Somo hilo halina njia ya mkato: lisubiri msimu ufunguliwe, na siku za mwanzo bunduki iwe mikononi mwa mwenzako ili wewe umwangalie mbwa tu.

Jambo lingine ni chanjo, ambayo sijaona ikitajwa. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na virusi vyake vilihusishwa na mbwa wa kufugwa. Mbwa asiyechanjwa dhidi ya distempa na kichaa cha mbwa asikanyage makazi ya wanyamapori, awe na kibali au asiwe nacho.

Mwindaji Mpya:

Nawashukuru nyote. Nitaahirisha safari ya porini na kuanza na njiwa. Shamba nililolifikiria ni la jirani yangu, naye ameniruhusu kwa mdomo. Je, ruhusa hiyo inatosha?

Nyayo:

Haitoshi. Ruhusa ya mwenye shamba inakuondolea kosa la kuingia katika ardhi ya mtu, lakini haifungui msimu, kwa sababu katika nchi nyingi ndege wa porini hawamilikiwi na mwenye ardhi. Mwombe aiandike kwa tarehe na mipaka ya shamba, uibebe pamoja na cheti cha chanjo, na kwa sasa utumie njiwa wako tu, mbali na vichaka ambavyo kwale hutagia.