Mti wa Uzima katika Kabala: tuanze na mchoro au na maneno?

Msomaji wa Mithali aliuliza:

Ndugu zangu, salamu kwenu nyote. Katika darasa letu la jioni la kusoma Agano la Kale tulifika Mithali 3:18, mahali ambapo hekima inaitwa mti wa uzima kwa wale wanaoishika, na mwenzetu mmoja akatuonyesha kwenye simu mchoro wa miduara 10 iliyounganishwa kwa mistari 22, akasema kwamba huo ndio Mti wa Uzima wa Wayahudi. Darasa liligawanyika papo hapo. Wapo waliosema ni mambo ya uganga, wapo waliosema ni ule mti wa bustani ya Edeni unaotajwa katika Mwanzo 2:9, na mama mmoja akauliza kama miduara ile ni malaika au ni miungu.

Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuleta maelezo juma lijalo. Nimesoma kurasa kadhaa, lakini kila ukurasa unaanza na mchoro, kisha unataja majina 10 ya Kiebrania kwa mfuatano, nami nikimaliza ninakuwa nimeyakariri majina bila kuelewa yanazungumzia nini. Naomba mwenye ujuzi anieleze: mti huu ni kitu gani hasa, na mtu anayeanza aushike kwa upande upi?

Mwalimu Mstaafu alijibu:

Ndugu Msomaji, ugumu wako umetokana na kuuona mchoro kwanza. Wanakabala wa mwanzo, yaani Wayahudi waliofuata mafundisho ya ndani yaitwayo Kabala, walianza na maneno ya Maandiko na ya sala, na mchoro ukaja baadaye kuwakumbusha mambo ambayo walikuwa wameyatafakari kwa muda mrefu. Ukiuweka ubaoni mbele ya wanafunzi ambao hawajayasikia maneno, watauona kama orodha ya vyeo, na ndiyo sababu yule mama akauliza habari za malaika na miungu.

Neno Kabala maana yake ni mapokeo, yaani kile kinachopokelewa kutoka kwa mwalimu, na mzizi wake wa Kisemiti ndio uliotupa neno letu kukubali kwa njia ya Kiarabu. Neno sefiroti (umoja wake ni sefira) linatokea kwanza katika kijitabu kifupi cha kale kiitwacho Sefer Yetzirah, kinachosema kwamba Mungu aliumba kwa njia 32 za hekima, yaani sefiroti 10 pamoja na herufi 22 za alfabeti ya Kiebrania. Hapo sefiroti bado zinakaribia kuwa hesabu tu, kwa kuwa mzizi wa neno lenyewe ni kuhesabu. Picha ya mti inajitokeza katika kitabu cha Bahir, kilichoanza kujulikana kusini mwa Ufaransa mwishoni mwa karne ya 12, ambacho kinasema kwamba nguvu za Mungu zimepangwa moja juu ya nyingine mfano wa mti. Kutoka huko mafundisho yalivuka hadi Hispania, kwanza Gerona katika Katalunya, na karibu miaka 100 baadaye, katika Kastilia, ikatokea Zohar, kitabu kikubwa cha Kiaramu ambacho mapokeo yanamnasibisha nacho Rabi Shimon bar Yochai wa karne ya 2, ilhali wataalamu wengi wa sasa, wakimfuata Gershom Scholem, mwanahistoria wa Kabala, wanaona kwamba sehemu yake kubwa iliandikwa na Moses de León, aliyefariki mwaka 1305.

Sasa tuingie katika jambo lenyewe. Wanakabala walisema kwamba Mungu jinsi alivyo katika nafsi yake hafikiwi na fikira wala jina, wakamwita Ein Sof, yaani Asiye na Mwisho. Lakini Maandiko yanazungumza juu ya Mungu anayependa, anayehukumu, anayekaa kati ya watu wake. Je, yule asiyefikiwa anawezaje kuwa ndiye huyu anayesikia maombi? Sefiroti ni jibu la swali hilo: ni namna 10 ambazo kwazo Asiye na Mwisho anajidhihirisha na kuutegemeza ulimwengu.

Msomaji wa Kiswahili ana bahati hapa, kwa maana majina kadhaa yana ndugu zao katika lugha yetu. Baada ya Keteri, ambayo ni taji na inasimama juu kabisa, inakuja Hokma, ambayo ni hekima yetu hiihii. Inafuata Bina, iliyo ya mzizi mmoja na kitenzi chetu kubaini: hekima ni wazo linapochipuka mara moja, na Bina ni kulibaini wazo hilo, kulipambanua sehemu kwa sehemu, na kwa sababu hiyo Zohar inaiita mama. Sefira ya nne ni Hesedi, neno ambalo Biblia yetu hulitafsiri kuwa fadhili, kama katika Zaburi 136 inayorudia kwamba fadhili zake ni za milele. Ya tano ni Gevura, nguvu inayozuia na kuweka mipaka, na mzizi wake tunao katika neno jabari. Jina lake la pili ni Dini, kwa maana ya hukumu, kama Waislamu wasemavyo siku ya dini wakimaanisha siku ya malipo. Ya sita, Tifereti, ni uzuri au fahari, nayo inaitwa pia kwa jina lililo ndugu wa neno letu rehema. Netsaki na Hodi, yaani ushindi na adhama, pamoja na Yesodi, ambayo ni msingi, nitazipita haraka kwa kuwa mwanafunzi wa mwanzo hazimsumbui sana. Ya mwisho ni Malkuti, ufalme, ndugu wa malkia, milki na mamlaka. Hii ndiyo inayoitwa pia Shekina, uwepo wa Mungu unaokaa pamoja na watu, na ukilisikiliza jina hilo vizuri utasikia ndani yake neno maskani.

Fungua kisha 1 Mambo ya Nyakati 29:11, sala ya Daudi. Katika Kiebrania mstari huo unataja mfululizo ukuu (ambalo ni jina jingine la Hesedi), Gevura, Tifereti, Netsaki na Hodi, kisha maneno juu ya vyote vilivyo mbinguni na duniani, ambamo wanakabala waliisoma Yesodi, na mwishoni ufalme. Sefiroti 7 za chini zimo katika sentensi moja ya kumsifu Mungu. Mimi ningeanzia hapo.

Ummu Salma alijibu:

Shikamoo Mwalimu, na ahsante kwa maelezo. Nina jambo moja linalonitatiza, nami nalisema kwa heshima. Sisi Waislamu tunazo sifa za Mwenyezi Mungu, na wanazuoni wetu walibishana sana kuhusu uhusiano wa sifa hizo na dhati yake. Lakini hizi sefiroti zinapewa jina la mama, zinapangwa kulia na kushoto, na moja inapokea kutoka kwa nyingine. Wayahudi, ambao ni watu wa tauhidi, hawakuona kwamba hapo pana hatari ya kumgawanya Mungu mmoja kuwa 10?

Mwalimu Mstaafu alijibu:

Marahaba, binti yangu. Swali lako liliulizwa na Wayahudi wenyewe, tena kwa maneno makali. Rabi Isaac ben Sheshet, aliyeishi Hispania na baadaye Algiers (1326–1408), aliandika kwamba alimsikia mwanafalsafa mmoja akiwashutumu wanakabala kuwa Wakristo wanaamini utatu nao wanaamini ukumi. Katika jibu hilohilo anamtaja Rabi Samson wa Chinon, mwanazuoni mkubwa wa sheria, ambaye alikuwa akisema kwamba yeye anasali kwa nia ya mtoto mdogo, akimaanisha kwamba anamwelekea Mungu moja kwa moja bila kuwaza sefira hii au ile. Isaac ben Sheshet alipomuuliza mwanakabala mmoja habari hiyo, alijibiwa kwamba sala yote ni kwa Mungu peke yake, ila ni kama mtu aliyekwenda kwa mfalme kuomba haki, naye akamwomba mfalme amwagize kadhi, si mtunza hazina. Jibu hilo halikumridhisha kabisa. Aliendelea kusali kwa njia yake, nami namheshimu kwa kulisema waziwazi.

Ndani ya Kabala penyewe mjadala ulifanana na ule wa wanazuoni wenu kuliko unavyodhani: je, sefiroti ni dhati ya Mungu, au ni vyombo anavyovitumia? Moses Cordovero wa Safed, mji wa Galilaya, aliyemaliza kitabu chake kikubwa Pardes Rimonim mwaka 1548, alisema zote mbili kwa mfano mmoja. Maji ni yaleyale, lakini ukiyamimina katika vyombo vya rangi mbalimbali yataonekana mekundu hapa na ya kijani pale, wala maji yenyewe hayakubadilika. Vivyo hivyo mwanga wa jua unapopita katika vioo vya rangi 10. Sefer Yetzirah nayo ilikuwa imekwisha kusema kwamba sefiroti zimeshikamana kama mwali ulivyoshikamana na kaa la moto.

Kuhusu kulia na kushoto, usiuone kama mpango wa viti. Upande wa kulia, chini ya Hokma, ni wa fadhili inayotoa bila kipimo. Wa kushoto, chini ya Bina, ni wa hukumu inayozuia. Na wa katikati unaviunganisha. Marabi wa kale walikuwa na mfano wa mfalme mwenye bilauri tupu, aliyesema kwamba akitia maji ya moto zitapasuka na akitia ya baridi zitavunjika pia, basi akachanganya ya moto na ya baridi, nazo zikasimama. Ndivyo Mungu alivyouumba ulimwengu kwa rehema pamoja na hukumu. Hesedi peke yake ingeufurikisha ulimwengu mpaka kusiwe na kiumbe kinachosimama kwa nafsi yake, na Gevura peke yake ingeuteketeza. Ndiyo maana wanakabala walimwona Abrahamu katika Hesedi, Isaka katika Gevura, na Yakobo, aliyeyaunganisha ya babu na ya baba, katika Tifereti. Mama wa darasani kwa Ndugu Msomaji ataelewa mara moja akiambiwa habari za mzazi ambaye hamkatalii mtoto chochote na mwingine ambaye hamruhusu chochote.

Mpenda Vitabu vya Kale alijibu:

Naongeza neno kuhusu michoro, kwa sababu nadhani hapo ndipo fununu za uganga zilipoanzia. Mwaka 1516 ilichapishwa huko Augsburg, kwa jina la Portae Lucis, tafsiri ya Kilatini ya kitabu cha mwanakabala wa Hispania, Joseph Gikatilla, na jalada lake lina picha ya mtu aliyeketi akiushika mti wa miduara 10. Wakristo wa Ulaya walikuwa tayari wameanza kuivutia Kabala kwenye mafundisho yao. Mwaka 1888 kikaanzishwa London chama cha siri cha Golden Dawn, ambacho kiliilinganisha mistari 22 na karata za taroti, zinazotumiwa kupigia ramli, na kuingiza mti huo katika ibada zake za kichawi. Michoro mingi iliyotapakaa intanetini leo inatoka katika mkondo huo, wala mpangilio wa karata haukuwamo katika Bahir wala Zohar.

Ipo njia nyepesi ya kutambua mchoro ulio mbele yako. Tazama mduara wa chini kabisa, Malkuti. Katika mti unaonasibishwa na Isaac Luria, mwalimu wa Safed aliyefariki mwaka 1572, Malkuti inaunganishwa na Yesodi peke yake, kwa mstari mmoja. Katika ule wa Golden Dawn mistari mitatu inaiingia, kwa kuwa inapokea pia kutoka Netsaki na Hodi. Tofauti hii ina uzito, maana katika mafundisho ya Kiyahudi kila kitu kinachofika katika ulimwengu wetu kinapitia msingi, yaani Yesodi.

Msomaji wa Mithali aliandika:

Nawashukuru sana. Nimeifungua ile sala ya Daudi na kwa mara ya kwanza nimeyasoma majina yale kama sala. Nimebakiwa na moja: mti wa Edeni je?

Mwalimu Mstaafu alijibu:

Ndiyo, wanakabala walisema ni mti huohuo, wakaisoma habari ya Edeni kwa namna ya kipekee. Mti wa Uzima waliutambua na Tifereti, shina la katikati, na mti wa ujuzi wa mema na mabaya wakautambua na Malkuti. Kosa la Adamu, kwa usomaji huo, ni kwamba aliushika mmoja akautenga na mwingine, akaichukua Malkuti kana kwamba ndiyo yote. Waliliita kosa hilo kukata machipukizi, maneno yaliyotoka katika Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mafundisho ya marabi wa kale, katika habari ya wanne walioingia bustanini, ambapo Elisha ben Abuyah ndiye anayesemwa kuwa aliyakata. Mti wenyewe walieleza kwamba umesimama kichwa chini: mizizi iko juu na matawi yanatufikia sisi, na mwanadamu akitenda mema hulirekebisha lile lililotengwa. Luria alilipanua sana fundisho hilo kwa habari ya vyombo vilivyovunjika na cheche zilizotawanyika, lakini hilo usilipeleke darasani juma lijalo. Linahitaji juma lake.

Wapeleke badala yake mahali ambapo mti huu unaishi hata kwa Myahudi asiyesoma Kabala. Kuanzia Pasaka mpaka sikukuu ya majuma huhesabiwa siku 49, na katika vitabu vingi vya sala kila siku imepewa jozi ya sefiroti 7 za chini, ili siku ya kwanza iwe ya fadhili ndani ya fadhili, ya pili hukumu ndani ya fadhili, na kuendelea, mtu akizichunguza tabia zake moja baada ya nyingine. Na ule mstari wenu wa Mithali 3:18 huimbwa katika sinagogi wakati gombo la Torati linaporudishwa kabatini, gombo ambalo vijiti vyake viwili vya mbao, vile vinavyoshikwa kwa mkono, kwa Kiebrania huitwa miti ya uzima.