Miche ya mtarakwa inaliwa: ni ng'ombe, mbuzi au pongo?

Shamba_Eburru:
Wakuu, habari. Ekari 12 upande wa Eburru, Nakuru, zinapakana na msitu. Mitarakwa na mizeituni mwitu iliyopandwa mvua ya Aprili imekatwa vichwa. Kuna ng'ombe 8, mbuzi 10, na usiku pongo (swala wa msituni) hutoka msituni. Nizungushie shamba lote wavu?

Fundi_Miche:
Hapana, usikimbilie wavu. Chunguza kidonda kwanza. Sungura mwitu hukata kijiti kwa mshazari, laini kabisa, karibu na ardhi. Pongo, mbuzi na ng'ombe hawana meno ya mbele ya juu, kwa hiyo hurarua na ncha hubaki na nyuzi. Hapo tafuta nyayo na kinyesi. Gome likigugunwa chini kabisa, ni nungunungu. Likichunwa juu, ni mbuzi, au dume la pongo limesugua pembe.

Kinga ni mche kwa mche: nguzo 3 imara, wavu wa kimo cha mita 1.8, duara la upana wa mita 1 hivi. Ukilibana zaidi, mnyama huegemea na kufikia majani. Nguzo zikiwa nyembamba, ng'ombe atauangusha siku atakapotaka kujikuna. Kama wavu ni ghali, zungushia matawi ya mgunga, vishina ndani, miiba nje. Yaongeze kila mwaka, maana mchwa huyala.

Mfugaji_Gilgil:
Na tafadhali usifyeke leleshwa yote, kile kichaka chenye harufu kali! Mifugo haiipendi, na mche uliopandwa kando yake hupata kivuli na maficho. Punguza matawi yake mche ukianza kuhitaji jua.

Samadi mbichi ikorogwe na maji, upake majani ya nje ya mche, pongo huyakwepa. Mvua ikiiosha, rudia.

Mbuzi ndio wa kuogopwa kuliko pongo. Akisimama kwa miguu ya nyuma hufika mbali, na akichuna gome kuzunguka shina mti hufa. Wafungwe kamba mbali na miche. Ng'ombe warudi ncha za miche zikipita mita 2, tena ardhi ikiwa kavu. Udongo wenye maji hushindiliwa na kwato.

Shamba_Eburru:
Asanteni sana. Na ua wa mpakani?

Fundi_Miche:
Nyaya 4: sm 40, 60, 80 na 110 kutoka ardhini. Wa chini kabisa na wa juu kabisa ziwe laini, seng'enge ya miiba ikae katikati tu. Pongo hupenya chini au kuruka. Nyaya mbili za juu zikikaribiana, mguu wa nyuma hunaswa kati yake. Ndama nao watapenya, walale zizini.

Mitego ya waya msiiruhusu hata kidogo. Uwindaji umepigwa marufuku Kenya tangu 1977, na kitanzi hunasa hata mbuzi wako.

Mfugaji_Gilgil:
Na kwa kuwa ng'ombe wako karibu na msitu, dawa ya kupe kila wiki, ndugu, mkinyunyiza hadi ndani ya masikio. Kupe wa ndigana kali (ugonjwa hatari wa ng'ombe) hujificha hapo.