Amenigonga tumbo na kalamu mbele ya mstari mzima! Huyo bwana wa listi mnamjua

Kufuli_la_Buhene:
Jamani sina nguvu ya kuandika lakini nitaandika. Nimetoka pale uwanjani sasa hivi, hapa Goma, wanapoandika listi ya msaada ya sisi tulioharibiwa na volkeno ya Nyiragongo, jasho bado linanitiririka, na siyo jasho la jua.

Sitamtaja. Hakuna haja. Huyo wa kofia nyekundu, mwenye jileti ya mifuko kumi na sita, anayebeba listi kwapani kama pasta na Biblia. Hata mbuzi wa Majengo wanamjua.

Nilifika saa kumi na moja alfajiri. Nikakuta mawe yamepanga mstari, kila jiwe na mwenyewe aliyerudi kulala. Jiwe la mama wa makaa, jiwe la jirani, dumu la njano la mtu nisiyemjua. Nikaweka jiwe langu. Saa saba nikafika mezani. Natoa karatasi ya shefu wa avenyu, yaani mkuu wa mtaa, natoa kadi ya kura, natoa ufunguo. Ndiyo, ufunguo. Usiku ule wa tarehe 22 Mei 2021 tulipoona mbingu nyekundu tulifunga mlango kwa kufuli tukakimbia, nikautia ufunguo mfukoni kama mtu anayekwenda sokoni kununua sombe. Sasa kufuli liko chini ya jiwe, na mlango, na nyumba ya mbao ya vyumba vitatu, na cherehani ya mke wangu. Mimi nimebaki na ufunguo.

Yule bwana hakutazama karatasi. Hakutazama ufunguo. Alitazama tumbo. Akageuza kalamu upande wa kifuniko, akanigonga nayo hapa juu ya kitovu, tok, tok, kama mama anayechagua nanasi, akapaza sauti: "Papa, sinistre gani iko na tumbo namna hii?" Yaani mwathirika gani.

Mstari mzima ukacheka! Watu elfu moja! Watu ambao hawajacheka tangu mlima upasuke! Kulikuwa na mtoto mgongoni kwa mama yake, hana hata jino, naye akacheka.

Halafu akaniambia Buhene siyo mji, ni teritwari (wilaya) ya Nyiragongo, niende kwetu. Lakini huko nilishakwenda Jumatatu! Waliniuliza baada ya kukimbia nimelala wapi. Nikasema Ndosho, kwa shemeji. Wakasema Ndosho ni mji, nenda mjini. Kwa hiyo nyumba imeungua teritwarini, mwenyewe ninalala mjini, na pembeni ya jina langu wameweka alama ya kuuliza. Nimeiona kwa macho yangu, kubwa kama ndoano ya kuvulia samaki.

Na tumbo hili ninalo tangu nioe. Halikuletwa na volkeno. Nililazimika kulikabidhi kwa lava pamoja na nyumba ndipo niandikwe? Wiki tatu sasa ninakula maharagwe ya shemeji, tuko watu kumi na wanne, bugali inakatwa kwa uzi. Wamama wa parokia walipita na sufuria ya uji, hakuna aliyempima mtu kiuno. Huyu wa kulipwa ndiye anakuja kunigonga. Tok, tok. Kwa kalamu!

Chukudu_bila_breki:
Pole sana mzee. Swali moja tu, kwa heshima zote: kalamu ilirudi?

Mama_Fretini:
😂😂😂 Nilikuwa kwenye huo mstari. Jiwe langu lilikuwa la kumi na mbili. Baba, usiseme watu elfu moja, tulikuwa kama mia. Ila kweli tulicheka. Tusamehe. Hiyo "tok" ilisikika hadi nyuma.

Kufuli_la_Buhene:
Mama, umecheka na wewe? Na unaandika hapa bila haya?

Mama_Fretini:
Nilicheka kwanza, nikasikitika nyuma.

Dogo_wa_Birere:
Muzee weye ulipata bahati. Mimi aliniangalia sekunde moja tu, akasema "weye kijana, utajenga ingine." Nijenge ingine ya nani? Nilikuwa mupangaji! Nyumba iliungua ya mwenye nyumba, vitu viliungua vyangu. Kitanda, godoro, redio, viatu vya misa. Kwa listi wameandika mwenye nyumba, na yeye anakaa Himbi, hajaona hata moshi. Bashi, lile turubai la msaada, amepewa yeye.

Kiwanja_Changu:
Mimi ni mwenye nyumba na ninaomba tuheshimiane. Nyumba ya mpangaji imeungua vitu, yangu imeungua nyumba NA kiwanja. Mnajua maana ya kiwanja kuungua? Mipaka imepotea. Nimepanda juu ya ile lava na mita ya kupimia, nikakuta jirani yangu naye ana mita. Tumepima jiwe jeusi hadi tukagombana, na kila mmoja anasema choo chake ndicho kiko chini ya pale. Na wewe dogo una deni langu la Aprili.

Dogo_wa_Birere:
Kata kwa bashi.

Chukudu_bila_breki:
😂😂 Funga uzi. Dogo ameshinda.

Mguu_hadi_Sake:
Nyinyi angalau mna mtu wa kuwatukana. Sisi wa kartiye kumi, ile mitaa ya Goma iliyoamriwa kuhama, hatuna hata huyo. Tarehe 27 Mei tunaamshwa, gavana anatangaza tutoke, ardhi inatetemeka kama mgonjwa wa malaria. Nimekwenda kwa mguu hadi Sake na bibi yangu juu ya chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, kilomita zaidi ya 20, godoro kichwani. Tumelala darasani, watu juu ya watu, maji ni ya kugombania. Tunaruhusiwa kurudi Juni, nakuta nyumba yangu ya Mapendo nzima kabisa. Nzima! Ila bila mlango, bila televisheni, bila sufuria. Naenda kwenye listi naambiwa "wewe lava haikufika kwako." Wezi walifika. Wezi hawana listi?

Kufuli_la_Buhene:
Pole, lakini tulikuwa tunaongea juu ya kalamu.

Muzee_wa_Zamani:
Watoto wa leo mnalia haraka. Januari 2002 lava haikuishia Buhene. Ilishuka katikati ya mji, ikapita madukani, ikala katedrali, ikafunika kipande cha uwanja wa ndege, ikaingia ziwani. Nyumba niliyojenga baadaye imesimama juu ya ile lava, tulipasua mawe kwa mkono. Bashi tuliyopewa mwaka ule mke wangu bado anaanikia mihogo.

Chukudu_bila_breki:
Muzee ameanza 2002. Kesho atatuletea 1977.

Muzee_wa_Zamani:
1977 nilikuwepo pia. Ilikuwa inakimbia kama maji. Hii yenu ilikuwa inatembea.

Mama_Fretini:
Muzee, inatembea vipi na imekula nyumba za watu?

Kadutu_Juu:
Habari zenu kutoka Bukavu. Naomba msaada wa mawazo. Nina wageni sita toka Goma, walikuja na boti ile wiki ya kukimbia. Niliwapokea kwa moyo wote. Mji wenu umefunguliwa, nikiwauliza wanasema wanangoja ardhi itulie. Jana nimewasikia wakicheza muziki. Ardhi imetulia. Wanangoja mchele.

Mguu_hadi_Sake:
Mmoja wao ana kovu kwenye nyusi? Anaitwa Papa Chansi?

Kadutu_Juu:
Ndiyo! Umemjua?

Mguu_hadi_Sake:
Ana deni langu. Usimruhusu apande boti kabla sijafika.

Kufuli_la_Buhene:
Ndugu zangu, narudia. Mtu mzima. Baba wa watoto watano. Amegongwa TUMBO. Hakuna hata mmoja atakayesema kitu?

Dogo_wa_Birere:
Muzee, nyumba yako ilikuwa karibu na barabara ya Rutshuru, mabati ya bluu?

Kufuli_la_Buhene:
Bluu iliyopauka, ndiyo. Kwa nini?

Dogo_wa_Birere:
Asubuhi kuna vijana walikuwa wanayavuta toka pembeni ya lava na koleo. Yamejikunja lakini mengine mazima. Yalishuka na chukudu.

Chukudu_bila_breki:
Mbona mnaniangalia mimi? Chukudu ziko nyingi mji huu.

Muzee_wa_Zamani:
Waambieni hao vijana wasichimbe chini kwenye mashimo. Mazuku, ile gesi ya kuua inayotoka ardhini, haina harufu. Mtu anainama kuokota bati, hainuki tena.

Soko_Mkononi:
Bashi mpya, hazijafunguliwa, zenye alama zote. Niko nazo nne. Anayetaka aniandikie pembeni. Sina muda wa maswali yatoka wapi.

Mama_Fretini:
Zenye kamba au bila kamba?

Soko_Mkononi:
Kamba bei yake.

Kiwanja_Changu:
Huyu si wa kofia nyekundu kweli?

Soko_Mkononi:
Sivai kofia.

Kufuli_la_Buhene:
Ya mita ngapi kwa ngapi?